Unabadili spika za boti? Muulize nahodha kwanza

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeipata mada hii gazetini kwa kuwa ilikupita redioni, juma hili nataka tuzungumze juu ya starehe. Simaanishi ile ya kumbi za dansi. Namaanisha starehe ya baharini, ile ya Jumapili, ambapo familia za hapa Dar es Salaam huondoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, au Msasani kwenda Bongoyo, na kapu la chakula, kreti ya soda, watoto, na muziki. Siku hizi boti ya matembezi isiyo na muziki huonekana kama harusi isiyo na ngoma.

Shemeji yangu anayo boti ya namna hiyo. Ni ya faiba, ina injini moja nyuma, na nahodha wake ni mzee aliyezaliwa Unguja na kulelewa na bahari. Jumapili moja tulitia nanga Mbudya tangu saa tano asubuhi. Injini ilizimwa, lakini spika ziliimba mchana kutwa. Ilipokaribia saa kumi na mbili, jua likishukia upande wa bara, nahodha aligeuza ufunguo ili turudi. Injini ikalia "tik" mara moja, ikanyamaza. Akageuza tena. Kimya.

Tulikuwa watu tisa, wanne kati yetu watoto. Betri iliyotakiwa kuiamsha injini ndiyo iliyokuwa ikiimba tangu asubuhi. Taa za usiku zilitegemea betri hiyo hiyo, na redio ya mawasiliano pia. Kwa hiyo giza lilikuwa linaingia, nasi hatuna injini, hatuna taa na hatuna sauti. Wavuvi waliokuwa wakirudi pwani ndio waliotuvuta. Shemeji aliwalipa petroli yao na kuwashukuru mpaka wakachoka kuitikia.

Ungedhani baada ya hapo angeung'oa muziki wote akautupa. La hasha! Juma lililofuata alinipigia simu. "Shemeji, wewe ni mtu wa redio. Nataka spika kubwa zaidi, na safari hii zifungwe kitaalamu. Njoo unishauri." Nilikwenda nikijiona mtaalamu kweli kweli. Nilirudi nikiwa nimejifunza kwamba habari ya spika niliyoijua mimi ilikuwa nusu tu, na nusu iliyo ndogo.

Tuanze na hiyo nusu ndogo. Spika tunayoitumia leo haitofautiani sana na ile ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani waliieleza mwaka 1925. Kuna sumaku iliyotulia, kuna koili ya waya iliyogandishwa kwenye bakuli jepesi, na umeme wa muziki ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta. Bakuli hutikisika pamoja nayo, hewa hutikisika, nasi tunasikia. Katika spika nyingi za nyumbani bakuli hilo ni la karatasi, na ukingo wake ni wa sponji.

Ipeleke sasa spika hiyo baharini. Karatasi hunywa unyevu ikalegea. Sponji hupigwa na jua ikamomonyoka kama mkate mkavu. Chumvi huingia kwenye vyuma, kutu ikavimba, koili ikakwama. Ndiyo sababu spika iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini ina bakuli la plastiki, ukingo wa mpira, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na uso wa plastiki iliyotiwa dawa ya kuhimili jua. Waya wake nao uwe wa shaba iliyopakwa bati, maana shaba tupu huota ukijani na kukatika ndani kwa ndani huku nje inang'aa.

Dukani utaona herufi IP zikifuatwa na namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65, kwa mfano, ina maana kwamba vumbi halipenyi kabisa, na maji yakirushwa kwa mpira kutoka upande wowote hayadhuru. Mwisho ukiwa ni 7, kifaa kinahimili kuzamishwa kina cha hadi meta moja kwa nusu saa. Lakini tahadhari: kipimo hicho ni cha maji na vumbi. Hakisemi lolote kuhusu kutu ya chumvi. Kwa hiyo usiridhike na namba peke yake, uliza pia vyuma vyake ni vya aina gani.

Kisha kuna wati, na hapa ndipo wengi wetu tunapopigwa bao. Boksi limeandikwa wati 300 kwa herufi kubwa. Hiyo kwa kawaida ni nguvu ya kilele, ambayo spika huihimili kwa kitambo kidogo sana. Nguvu ya kudumu, ile inayoandikwa RMS, imefichwa pembeni kwa herufi ndogo, na ndiyo ya kuitazama. Tena, ukiongeza wati maradufu, sauti haiongezeki maradufu. Inapanda kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulisikia lakini halishangai.

Kinachotushinda baharini ni uwazi. Sebuleni kuta na dari huturudishia sauti. Kwenye maji hakuna ukuta. Kila ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Kuirudisha kunahitaji nguvu mara nne. Kwa hiyo anayekaa mbali na spika hawezi kusaidiwa kwa kununua kubwa zaidi. Atasaidiwa kwa kusogezewa spika. Spika nne za kiasi, kila moja ikielekea mahali watu wanapokaa, zinashinda mbili kubwa zinazowapigia samaki kelele. Ila fundi ahakikishe kwamba amplifaya inahimili namna zinavyounganishwa. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba kwenye mdomo mmoja, amplifaya huona omu 2, na kama haikutengenezwa kwa hilo itaungua.

Hayo ndiyo niliyomwambia shemeji, naye akafurahi. Kisha nikamrudisha Mbudya, kwenye ile "tik" ya jioni. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Tuseme muziki wako unakula ampea 15 kwa wastani. Kwa saa nne ni ampea-saa 60. Kama betri yako ni ya ampea-saa 100, umekwisha kula zaidi ya nusu, na betri ya kuwashia injini haikuundwa kumwagwa kiasi hicho. Ukibadili spika ukaweka na amplifaya kubwa, umeongeza mdomo wa kula bila kuongeza chungu.

Dawa yake ni betri mbili. Moja ni ya injini, haiguswi na mtu. Ya pili ni ya muziki na vikorokoro vingine, iwe ya aina inayostahimili kutumika polepole kwa muda mrefu. Kati yake iwekwe swichi ya kuzitenganisha, ili muziki ukimaliza betri yake unyamaze peke yake, na injini ibaki na ya kwake. Redio ya mawasiliano isiachwe upande wa muziki. Na waya wa amplifaya uwe mnene wa kutosha, wenye fyuzi karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusana, huwaka kama jiko.

Moto kwenye boti, ndugu yangu, hauna mlango wa kutokea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Huteremka ukakusanyika chini, kwenye ngama na ndani ya masanduku ya viti. Amplifaya, swichi na betri visifungwe mahali ambapo mvuke huo unaweza kukusanyika. Wala fundi asitoboe tundu popote panapompendeza. Boti nyingi za faiba zimejazwa povu gumu ndani ya viti na kuta zake, nalo ndilo linaloibakiza boti juu ya maji ikijaa. Ukilichokonoa ili spika ipate nafasi, umeuza uhai kwa sauti.

Sasa nije kwenye ile nusu kubwa. Spika mpya zilifungwa na fundi mzuri, kwa waya mzuri na betri mbili. Mbili kati ya zile nne aliziweka kila upande wa usukani, zikapendeza macho. Shemeji alikuwa amepanga kuvuka kwenda Unguja mwisho wa mwezi. Asubuhi ya kujaribu muziki, sote tulikuwa tukitingisha vichwa, isipokuwa nahodha. Yeye alikuwa ameinamia usukani.

"Bwana mtangazaji, hebu njoo utazame," akaniita. Boti ilikuwa imefungwa mahali pake pa siku zote, omo ikielekea alama ile ile ya siku zote. Lakini dira ilisoma pungufu ya digrii 10 na zaidi.

"Imeharibika, mzee?" nikauliza.

"Dira nzima hii. Imedanganywa," akajibu. Akamwambia fundi afungue skrubu na kuiondoa spika ya kulia. Mshale ukatembea. Akaiondoa na ya kushoto. Mshale ukarudi nyumbani.

Nilijisikia vibaya, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeeleza kwa fahari kwamba ndani ya spika kuna sumaku. Na dira ni nini kama si sumaku inayoitafuta kaskazini? Weka sumaku kubwa shubiri moja kutoka kwenye dira, nayo itaifuata hiyo iliyo karibu. Na kadiri spika inavyokuwa kubwa, ndivyo mara nyingi na sumaku yake inavyokuwa na nguvu. Hata waya wenye umeme wa betri ukipita karibu hutengeneza usumaku wake.

Digrii 10 ni kitu gani? Kutoka hapa hadi mjini Unguja ni kilometa kama 70 za bahari. Ukipotoka digrii 10 tangu mwanzo, na hali ni ya ukungu au mvua ya masika, mwishoni utakuwa umekosea kwa kilometa 12 hivi. Hapo utatafuta minara ya Mji Mkongwe, ukute maji matupu au miamba.

Utaniambia siku hizi kuna GPS, na hata simu ya mkononi inaonyesha njia. Kweli. Lakini vyote hivyo hula umeme, na umeme umekwisha kuona unavyoliwa. Dira haili chochote. Kwa hiyo kabla fundi hajatoboa tundu lolote, funga boti, andika namba inayosomwa na dira, kisha usogeze spika polepole mahali unapotaka kuifunga. Mshale ukitikisika, rudi nyuma. Meta moja ni mwanzo mzuri, lakini dira yenyewe ndiyo hakimu. Jaribu muziki ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Na waya mbili za umeme, chanya na hasi, zisokotwe pamoja kama ukili, ili usumaku wa moja uuzime wa mwenzake.

Limebaki moja, nalo ni langu mimi ninayekula kwa sauti. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana baharini zinasema, katika kanuni ya 5, kwamba kila chombo kiwe na uangalizi muda wote, kwa macho na kwa masikio. Masikio yametajwa makusudi. Kuna king'ora cha injini iliyopata moto kupita kiasi. Kuna sauti ya mtu anayeita kwenye chaneli ya 16 ya redio ya VHF, chaneli ya wenye shida. Kuna mtoto anayeogelea nyuma ya boti, karibu na pangaboi, anayepiga kelele asiwashiwe injini. Vyote hivyo vina sauti ndogo kuliko sabufa.

Kwa hiyo kitufe cha sauti kiwe mahali ambapo mkono wa nahodha unafika, wala asihitaji ruhusa ya mtu kukigusa. Wakati wa kung'oa nanga, wakati wa kuingia pwani, na wakati watu wako majini, muziki uzimwe. Nanga ikiisha kutiwa na watoto wakiisha kuhesabiwa, chezeni mpendavyo, ila mkumbuke kwamba jirani yenu kisiwani alikuja kusikiliza mawimbi.

Shemeji alizihamishia zile spika mbili nyuma. Juma lililofuata mzee aliikagua dira kwa alama zake zote, akaridhika, nasi tukavuka Unguja salama, muziki ukiwa wa chini. Tulipokuwa tukishuka nilimwuliza kama sasa anazipenda spika mpya. Akasema ni nzuri, hasa zikinyamaza anaisikia injini vizuri.

Nawatakia Jumapili njema. Tukijaliwa, juma lijalo.