Sombe bado inahitaji kinu

Kuna vikatio vidogo vya mkono, vile vibakuli vya plastiki ambavyo ukivuta kamba visu vinazunguka, na swali ninaloulizwa sana ni kama vinaweza kuchukua nafasi ya kinu. Kwa vitunguu, karoti na nyanya, vinaweza. Kwa sombe, yaani majani ya muhogo, hapana. Hili linayahusu hasa majiko ya Lobule, wilayani Koboko, Uganda, ambako wakimbizi wa Kongo wamepokelewa tangu 2013, na jirani zao Wakakwa na Walugbara wanaoishi kwa muhogo.

Jani bichi la muhogo huficha sumu yake kwa namna ya ajabu. Linamarini, chanzo cha sumu hiyo, imefungiwa katika kifuko ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja kiko kwenye ukuta wa seli. Havigusani mpaka seli ipasuke. Zikipondwa, viwili hivi hukutana na gesi ya sianidi huzaliwa, nayo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hivyo hupaa yenyewe. Mtwangaji huiamsha sumu ili aifukuze! Kisu cha kikatio hupasua seli za kwenye mkato peke yake. Zilizo kati ya mkato na mkato hubaki nzima. Ukizimimina hizo kwenye maji yanayotokota, joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, ilhali linamarini yenyewe huvumilia moto na kubaki katika chakula. Hata kitunguu kinatutoa machozi kwa mpango huohuo: kimeng'enya na kemikali yake hukutana pale kisu kinapopita.

Nimechoka kusikia kwamba mawese "yanakata" sumu. Hayakati chochote. Wala si kweli kwamba muhogo mtamu hauna sumu. Unayo, ila kidogo kuliko ya mchungu, na majani kwa kawaida yanaushinda mzizi kwa mbali. Wabaya kuliko wote ni wanaouza maji ya majani mabichi ya muhogo eti yanaongeza damu. Hayo ni majani yaliyopondwa, sumu ikiwa imeshaamshwa, kisha mtu anaambiwa ainywe. Huo si uganga, ni hatari inayouzwa kwa chupa.

Septemba 2017 huko Kasese, unga wa muhogo mchungu uliwadhuru watu msibani na katika nyumba nyingine: wagonjwa 98, vifo 2. Na konzo, ambayo daktari Trolli aliieleza kutoka Kwango, Kongo, mwaka 1938, hukakamaza miguu ghafla kwa wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku protini ikiwa haba. Haiponi.

Basi: twanga majani mpaka yalainike kabisa, yaanike saa mbili juani au saa tano kivulini, yaoshe mara tatu, uyachemshe bila kifuniko. Kikatio kioshe kwa sabuni, hasa kikigusa nyama. Anayetapika au kuhisi kizunguzungu baada ya kula muhogo apelekwe kituo cha afya mara moja, na wahudumu waambiwe alikula nini.