Bendi ya kiwanda cha almasi

Anayeusikia wimbo "Butinini" kwa mara ya kwanza huenda asiamini kwamba bendi yake ilikuwa ya Iringa. Masimulizi ya muziki wa dansi yamezoea kuanzia Dar es Salaam na kuishia hukohuko: Msondo, Sikinde, Vijana Jazz, Bima Lee. Lakini miaka ya 1980, kule kwenye baridi ya Nyanda za Juu, Tancut Almasi Orchestra ilikuwa ikiwatoa jasho wachezaji kwa mtindo wake wa Kinyekinye Kisonzo.

Tancut kilikuwa kiwanda cha umma cha kukata almasi. Bendi ilikuwa mali yake, kama Urafiki Jazz ilivyokuwa ya kiwanda cha nguo. Kwenye kurekodi, hali haikuwa kama ya kwingineko. Uingereza, miaka hiyohiyo, vijana wa bendi ndogo walizikwepa kampuni kubwa za sahani. Mwaka 1986 gazeti la muziki la NME likawakusanya kwenye kaseti iliyoitwa C86. Iringa hapakuwa na kampuni ya kukwepa. Njia ya kurekodi ilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam: bendi nzima inapiga kwa pamoja, mkanda unabaki redioni.

Raha ya nyimbo hizo imo humohumo. Hakuna kilichopambwa baadaye. Pacha wawili kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, wanaimba sauti zao zikiwa zimeshikana hadi msikilizaji anashindwa kuwatenganisha. Gitaa la solo la Shaaban Yohana, maarufu kwa jina la Wanted, linajibu bila haraka. Kisa kinasimuliwa taratibu kwanza, ndipo linapokuja chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezeka, na viti vinabaki vitupu. Na tungo zao hazizunguki: mtu akisikia tu jina "Nimemkaribisha Nyoka", ameshajua kuna mgeni aliyeharibu nyumba.

Mbeya, zaidi ya kilomita 300 mbele kwenye barabara ya Zambia, muziki huo uliingia majumbani kupitia redio hiyohiyo ya taifa. Ulikuwa wakati mzuri kwa watu wa nyanda hizo, maana mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mkoa wa Mbeya, nao waliwapiku vigogo wa Dar na kuwa mabingwa wa soka Tanzania Bara.

John Kitime, aliyewahi kupiga muziki Tancut kabla ya kuvuma na Kilimanjaro Band, ameandika mengi kuhusu enzi hizo. Kijana anayetaka kuzionja aanze na "Masafa Marefu", avae spika za masikioni, aache waimbaji kidogo na kulifuata gitaa la pili peke yake mpaka mwisho.