Mwamba wa Kisauni na Barafu ya Kaskazini

Kila kisima au shimo la choo linapochimbwa Kisauni au Likoni, mjini Mombasa, na sururu ikaibua kombe la baharini kutoka ndani ya mwamba, swali linaloulizwa huwa lile lile: gharika ya Nabii Nuhu ilifika hapa lini? Swali hilo lina kosa tangu mwanzo, kwa kuwa huchukua jambo linalopaswa kuthibitishwa na kulifanya msingi wa mazungumzo, na limerudiwa mno barazani na madarasani hata likawafunika wenyeji historia halisi ya ardhi wanayoikanyaga. Makombe hayo hayakusombwa na maji yoyote, bali yaliishi na kufa pale pale yanapokutwa, na kisa cha bahari kuyaacha nchi kavu kinaanzia mbali sana na Pwani, katika barafu ya nchi za kaskazini.

Mwamba wenyewe ni matumbawe, yaani mawe yanayojengwa na wanyama wadogo wa baharini wanaochuja chokaa kutoka majini na kuifanya makazi yao. Sehemu kubwa ya matumbawe hayo ilijengwa yapata miaka 125,000 iliyopita, katika kipindi cha joto kilichotenganisha enzi mbili za barafu, wakati bahari ilipokuwa juu ya kimo chake cha leo kwa mita kadhaa. Atakayesimama mbele ya ukuta wa timbo, hasa ukiwa umekatwa karibuni, ataona tumbawe la mviringo lenye mifereji kama ya ubongo, mgongo wake ukiwa juu na shina lake likiwa limeshikana na jiwe la chini, na pembeni yake chaza aliyefumba magamba yake yote mawili ndani ya tundu alilolitoboa mwenyewe. Mafuriko huvunja, huchanganya na kupindua, wala hayawezi kumwacha chaza katika tundu lake na kila tumbawe likiwa limesimama lilipoota.

Kuna hoja nyingine mbili ambazo wanaoshikilia dai la gharika hawajazijibu. Kwanza, tumbawe la aina hiyo hunenepa kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo moja pekee lenye kimo cha mita moja lilihitaji karne nzima ya maji ya chumvi, maangavu na yenye kina kidogo, ilhali maji ya mvua na tope huliua, na ndiyo maana hata leo mwamba wa pwani hukatika na kuacha mlango mahali mto unapoingia baharini. Pili, chini ya Changamwe hakuna matumbawe hayo, bali kuna mwamba laini wa udongo ulioganda, wenye visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya viumbe wa baharini waliojikunja kama pembe za kondoo dume, na umri wake unapita miaka milioni 145. Gharika moja haiwezi kuweka miamba miwili iliyoachana kwa muda wa namna hiyo. Kusema hivyo si kuigusa imani ya mtu, kwa sababu si Kurani wala Biblia inayotaja mawe ya Kisauni, na anayeyabebesha maandiko dai ambalo hayakulitoa huyadhulumu maandiko yenyewe.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: maji yalikwenda wapi? Yapata miaka 20,000 iliyopita, baridi ilipofikia kilele, Kanada na kaskazini ya Ulaya zilifunikwa na barafu ambayo mahali pengine unene wake ulikaribia kilomita tatu, na maji yote hayo yalitoka baharini. Bahari ilishuka kwa takriban mita 120 duniani kote, Unguja ikaungana na bara huku Pemba ikibaki kisiwa kwa sababu ya kina cha mkondo wake, na mito kama Mwache na Kombeni ikachimba mabonde marefu kuifuata bahari iliyokimbia. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi na kuyazamisha mabonde hayo, na hayo ndiyo Kilindini na Tudor za leo, kwa hiyo kilindi kinachopitisha meli na kumlazimu mtu wa Likoni kupanda feri ni bonde la mto lililojazwa maji ya barafu iliyoyeyuka. Binadamu waliyaishi mabadiliko hayo, kwani katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, watafiti wamefukua kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita.

Kwa anayechimba leo, mambo ni machache. Bahari ilipokuwa chini, mvua ililimung'unya tumbawe na kuacha matundu na mapango, kwa hiyo maji ya choo hupenya humo bila kuchujwa: kisima kiwe mbali na choo, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo kisima kisichimbwe kupita kiasi wala kisivutwe kwa pampu mchana kutwa. Kisukuku au mfupa wa ajabu usiuzwe wala usivunjwe, bali upigwe picha ukiwa mahali pake na taarifa ipelekwe kwa Makavazi ya Taifa, Fort Jesus, kama Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inavyotaka, kwa sababu kikishang'olewa bila kuandikwa kilipokutwa, ushahidi wake umepotea, na hakuna timbo litakaloutoa tena.