Kijani Kilishacho na Kijani Kiuacho



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Hivi karibuni tulikuwa wageni wa familia moja ya Kiislamu mjini Elburgon, mji wa mbao na baridi kali ulio pembezoni mwa msitu wa Mau. Baada ya sala ya alasiri, mama mwenye nyumba alitueleza jambo lililomkosesha usingizi.

"Sheikh," alisema, "binti yetu ameitwa chuo kikuu kusomea vijidudu. Babake asema heri asome ualimu, kwani vijidudu havina mshahara. Wewe waonaje?"

Kabla hatujajibu, tuliliona pipa la maji lililokuwa nje ya jiko. Maji yake yalitekwa bwawani, na juu yake palikuwa na utando wa kijani. Tukamuuliza mama huyatumiaje.

"Twayachemsha, Sheikh, kisha twayanywa."

Hapo tukatambua kwamba swali la binti na swali la maji ni swali moja.

Utando wa namna ile mara nyingi si mwani kama ule wanaoulima akina mama wa Kibuyuni kule Kwale. Ni bakteria, viumbe wasioonekana mmoja mmoja ila kwa hadubini, ambao hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama yafanyavyo majani ya mti. Wataalamu huwaita sianobakteria. Wako watu waliotumia umri wao kuwachunguza, na mahali walipowachunguza si mbali na Elburgon. Ni Ziwa Nakuru, lipokealo maji ya Mto Njoro yashukayo kutoka Mau hiyo hiyo. Ziwa lile lina magadi makali, na kwa miaka mingi limesifika kwa heroe, ndege wa rangi ya waridi ambao wengi wetu twawaita flamingo.

Mwaka 1929 mwanamke wa Kiingereza, Penelope Jenkin, alifika Kenya pamoja na msafara wa kisayansi uliochunguza maziwa ya Bonde la Ufa. Mwaka 1957, yaani miaka 28 baadaye, alichapisha uchunguzi wake juu ya ulaji wa heroe. Ndege huyo huinamisha kichwa mpaka mdomo ukapinduka juu chini, ulimi wake huvuta na kusukuma maji kama pampu, na vinyweleo vyembamba vya mdomoni huchuja chakula. Chakula chenyewe kikuu ni bakteria hao wa kijani.

Katika miaka ya 1970 Ekkehard Vareschi akapiga hesabu pale Nakuru. Aliona kwamba heroe mmoja huhitaji takriban gramu 70 za chakula kikavu kwa siku, na ndege ziwani walikuwa mamia ya maelfu. Mwaka 1974 bakteria wale wakapungua ghafula, na ndege wakahama. Maisha ya umati mzima ule yalikuwa yakitegemea kitu kisichoonekana kwa jicho.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lothar Krienitz wa Ujerumani alishirikiana na Mkenya Kiplagat Kotut, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mbele yao palikuwa na fumbo zito. Katika miaka ya 1990 heroe walikuwa wamekufa kwa maelfu Nakuru na Bogoria. Wao na wenzao walipata sumu za sianobakteria majini na katika mizoga ya ndege. Sumu moja hudhuru ini, nyingine mishipa ya fahamu. Wataalamu wengine walitaja madini mazito na kifua kikuu cha ndege, na fumbo halikuisha kwa jibu moja.

Tazameni basi, enyi wazazi. Kijani kimoja, kiitwacho spirulina, ni riziki. Heroe hukila, na wanawake wa Kikanembu, ndugu zetu Waislamu wa pande za Ziwa Chad, hukivuna na kukianika mchangani kikawa vipande vya kutilia katika mchuzi. Kijani kingine ni sumu. Jicho tupu haliwezi kuvipambanua, hupambanua aliyesoma.

Tukamwambia mama kwamba moto wa jikoni huua bakteria, lakini hauvunji ile sumu ya ini, na bakteria wakipasuka sumu humwagika majini. Si kila maji ya kijani yana sumu, lakini maadamu hatujui, yasinywewe, yasipikiwe, watoto wasiogeshwe, wala mifugo isinyweshwe. Heri maji ya mvua au ya kisima, na pipa lifunikwe lisipigwe na jua.

Kisha tukamwendea baba. Tulimkumbusha kwamba wanavyuoni wetu, Imamu Ghazali akiwa mmojawapo, waliihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya. Akikosekana wa kuibeba, lawama ni ya jamii nzima. Elimu ya kujua maji yapi yahuisha na yapi yaua haiko mbali na hapo. Hatukumwahidi utajiri. Tulimwambia tu kwamba maabara za hospitali, kampuni za maji na viwanda vya chakula huhitaji watu wa elimu hiyo, na kwamba Bibi Jenkin alisubiri miaka 28.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akatoka, akalimwaga lile pipa kwa mkono wake. Juu ya chuo alisema ataswali istikhara. Nasi tulimwona binti akisimama mlangoni, hasemi neno.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi moyo wa kutoifunga.

Wabillahi tawfiq.