Kwa Nini Mwovu wa Hadithini Hupewa Kilema?

Jioni moja tulikaa na watoto tukawasimulia hadithi ya Pinocchio. Hadithi hii ilitungwa na Mwitalia mmoja, Carlo Collodi. Ilianza kutolewa kidogo kidogo katika gazeti la watoto mwaka 1881, ikawa kitabu mwaka 1883. Tulipomaliza, watoto walicheka sana. Mmoja tu hakucheka. Yeye hutembea kwa mkongojo tangu akiwa mdogo. Akatuuliza: "Na mimi niliiba nini?"

Hatukuwa na jibu. Kesho yake tukaisoma hadithi upya.

Pinocchio ni mwanasesere wa mti, lakini anasema na kutembea kama mtoto. Alipewa sarafu tano za dhahabu. Njiani akakutana na Mbweha na Paka. Mbweha alijifanya kiwete, Paka akajifanya kipofu. Kumbe ni wezi watupu! Walimpeleka nyumba ya wageni wakala kwa gharama yake. Paka, eti tumbo linamsumbua, alikula samaki 35 "tu". Usiku wakaondoka, Pinocchio akalipa sarafu moja. Nne zilizobaki walimdanganya azipande shambani, zitaota mti wa dhahabu. Alipozipa kisogo, wakazifukua.

Mwishoni Pinocchio anawakuta wakiombaomba. Paka sasa ni kipofu wa kweli, kwa sababu ya kule kujifanya kipofu. Mbweha amepooza upande mmoja, na hata mkia ameuza. Pinocchio anawapiga methali, huyo, anakwenda zake. Hapo ndipo watoto wetu walipocheka.

Sasa kuna jambo ambalo hatukuliona mara ya kwanza. Pinocchio naye alipata vilema! Mwanzoni alisinzia miguu ikiwa juu ya makaa, ikaungua yote miwili. Mzee Geppetto akamchongea mingine. Baadaye aligeuzwa punda, akaumia katika mchezo wa sarakasi, akawa anachechemea. Alipotupwa baharini, samaki walikula ile nyama ya punda, akatoka mwanasesere mzima. Basi shujaa akipata kilema, mtunzi humponya. Mwovu akipata kilema, hubaki nacho, na hiyo ndiyo hukumu yake. Mtoto wetu alikuwa amehesabu sawasawa: mimi sikupona, kwa hiyo niko upande wa Mbweha.

Watunzi wengi wamepita njia hii, maana ni njia ya mkato. Kuonyesha tamaa iliyo moyoni mwa mtu ni kazi kubwa. Kumtoboa jicho ni sentensi moja. Ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, walipotoa hadithi ya Cinderella mwaka 1812, dada zake wabaya hawakupofuliwa. Mwaka 1819 walipoitoa tena, wakaongeza njiwa wa kuwadonoa macho.

Wakati mwingine anayeumbuliwa hivyo ni mtu aliyeishi kweli. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani mwaka 1485. Miaka 100 na zaidi ikapita, ndipo Shakespeare akamtungia mchezo. Katika mchezo huo mfalme ana kibyongo, anachechemea, na mkono mmoja umenyauka. Tusisahau kwamba malkia wa wakati ule, Elizabeth, alikuwa mjukuu wa yule aliyemshinda Richard. Nani angemtetea?

Mifupa yake ilifukuliwa mwaka 2012 katika mji wa Leicester, chini ya maegesho ya magari. Wataalamu waliipima. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kwa upande, hilo ni kweli, na bega moja lilipanda kidogo. Lakini mkono ulikuwa mzima na miguu mizima. Nguo iliyoshonwa vizuri ingeuficha mgongo ule. Kama alikuwa mtu mwema au mwovu, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mifupa haiwezi kusema.

Haya yangekuwa mambo ya vitabu tu kama yangebaki vitabuni. Wapi! Mtoto akipooza mguu, jirani wanaanza kuulizana mama yake alimkosea nani. Mama akisikia hivyo anamficha mtoto ndani, na shule inampita. Chukua polio. Ni ugonjwa wa kirusi. Huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kisha huweza kushambulia neva zinazoendesha misuli. Humpata mtoto wa mwizi na mtoto wa shehe vilevile. Kama ingekuwa adhabu, chanjo ya matone mdomoni isingeizuia. Wazee wetu walilijua hili waliposema hujafa hujaumbika. Hawakusema hujaiba.

Jioni nyingine tuliwaita watoto, tukawaambia wamalizie hadithi wenyewe, ila Mbweha na Paka wabaki na miguu na macho yao. Walibishana kweli kweli! Mwisho wakakubaliana wezi wapelekwe kwa wazee, warudishe sarafu nne, halafu wamlimie mzee Geppetto msimu mzima. Mtoto mwenye mkongojo akapinga. Alisema sarafu ni tano, ile ya samaki walipe pia.