Mimba baada ya miaka ya ugumba: Si miujiza tu, ipo sababu

MWANAMKE aliyeishi katika ndoa miaka kumi bila kupata mtoto huwa na majibu tayari kwa kila dalili anayoiona mwilini mwake. Hedhi ikichelewa, ni mawazo. Kichefuchefu ni malaria au vidonda vya tumbo. Tumbo likianza kujaa, ni uvimbe katika kizazi. Akiwa amepita miaka 40, husema hedhi imeanza kukoma.

Jambo la mwisho analolifikiria ni ujauzito, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hutafsiri ugumba kuwa ni kushindwa kupata ujauzito baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kutumia kinga. Katika ripoti yake ya mwaka 2023, shirika hilo lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na tatizo hilo wakati fulani wa maisha yake.

Tafsiri hiyo haisemi kwamba mhusika hatazaa kamwe. Asiye na kizazi, au mwanamume ambaye mwili wake hautengenezi mbegu kabisa, hawezi kutarajia mimba kwa njia ya kawaida. Lakini wengi wanaoitwa wagumba wana nafasi ndogo tu, si kwamba hawana nafasi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mwanamke mwenye nafasi moja kati ya 100 ya kushika mimba kila mwezi huona kama hana nafasi kabisa. Lakini nafasi hiyo ikirudiwa kwa miezi 60, yaani miaka mitano, uwezekano wa kupata mimba angalau mara moja hukaribia nusu.

Yapo pia matatizo ambayo hubadilika. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki kila mwezi kwa sababu ya mvurugiko wa homoni anaweza kupevusha yai mwezi asioutarajia, hasa akipunguza uzito uliozidi au akitibiwa tezi ya shingo. Mrija mmoja wa uzazi ukiziba, wa pili unaweza kuendelea na kazi. Kwa mwanamume, mbegu hutengenezwa upya kwa muda wa takriban miezi miwili na nusu, hivyo kipimo cha mwaka huu huweza kutofautiana na cha mwaka jana, hasa akiacha sigara au ulevi.

Hata waliolazimika kupata mtoto kwa njia ya upandikizaji hawako nje ya hesabu hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) walichapisha mwaka 2023 mapitio ya tafiti 11 zilizohusisha wanawake zaidi ya 5,000, na kubaini kuwa angalau mmoja kati ya watano walipata mimba nyingine kwa njia ya kawaida baada ya mtoto wa kwanza.

Mitaani husemwa kuwa mwanamke akiasili mtoto, au "akiacha kuwaza", hushika mimba. Tafiti hazijathibitisha kuwa kuasili huongeza nafasi hiyo. Wanaozaa baada ya kuasili hukumbukwa na kusimuliwa, wasiozaa hawasimuliwi. Kauli hiyo pia humtwisha mwanamke lawama ya ziada, kana kwamba ugumba ni kosa la fikra zake.

Hatari ya kuchelewa kupima

Mwanamke ambaye mirija yake iliwahi kuharibiwa na maambukizi au upasuaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya mimba kutunga nje ya kizazi. Mimba ya aina hiyo haiwezi kukua hadi kuzaliwa, na mrija ukipasuka mama huweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya tumbo. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kutokwa damu, kizunguzungu au maumivu ya bega ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tatizo jingine ni dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kifafa huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake, bali amwone daktari mapema ili abadilishiwe. Kadiri umri unavyosogea, hatari ya kuharibika mimba, kisukari na shinikizo la damu la ujauzito nayo huongezeka, ndiyo maana WHO inashauri hudhurio la kwanza la kliniki lifanyike kabla ya wiki 12 kumalizika.

Ndani ya nyumba, habari njema huweza kugeuka ugomvi. Mume aliyewahi kuambiwa kuwa mbegu zake ni chache huanza kuhoji mimba ni ya nani. Mbegu chache si sawa na kukosa mbegu, na kipimo kimoja cha zamani hakiwezi kuwa ushahidi wa usaliti.

Kwa mwanamke aliyekwisha kukata tamaa, kupima tena si jambo jepesi, kwa kuwa amewahi kuona majibu ya "hapana" mara nyingi. Hata hivyo, kipimo cha mkojo hupatikana katika maduka ya dawa na majibu hutoka kwa dakika chache. Hedhi ikikosekana, kupima ni bora kuliko kukisia, hata kama miaka iliyopita ilikwisha kutoa jibu lake.