Malengelenge ya Sehemu za Siri: Virusi Haviishi Mwilini, Lakini Ugonjwa Hudhibitiwa

Mtu anapoona malengelenge sehemu za siri, mara nyingi hukimbilia duka la dawa kimyakimya kununua antibiotiki. Pesa hizo hupotea bure. Ugonjwa huu, hepesi, huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi.

Virusi hivyo ni vya aina mbili. HSV-1 huleta hasa malengelenge ya midomo, ingawa huweza kufika sehemu za siri kupitia ngono ya mdomo. HSV-2 huenezwa kwa kujamiiana. Malengelenge hupasuka, huacha vidonda vyenye maumivu, kisha hupona. Virusi hubaki vimejificha kwenye neva, na vidonda huweza kurudi.

Wengi walioambukizwa hawaoni dalili zozote. Kwa hivyo, vidonda vikitokea leo si ushahidi kwamba mwenzi ametoka nje ya ndoa. Huenda virusi vilikuwepo kwa miaka mingi. Wanandoa wanashauriwa kufika kliniki pamoja kabla ya kulaumiana.

Dawa ya acyclovir haiondoi virusi, lakini hupunguza maumivu na kuharakisha kupona, hasa ikianzwa mapema. Anayepata vidonda mara kwa mara anaweza kupewa dawa ya kila siku.

Mambo ya kuzingatia:

• Kutojamiiana tangu mwasho au maumivu yaanze hadi vidonda vipone kabisa. Kondomu hupunguza hatari, lakini haifuniki ngozi yote.

• Kuweka vidonda safi na vikavu, na kunawa mikono kila baada ya kuvigusa.

• Kupimwa HIV. Mwenye HSV-2 yuko katika hatari ya takriban mara 3 zaidi ya kuambukizwa HIV.

Mama mjamzito aliyewahi kupata vidonda hivi, au ambaye mwenzi wake anavyo, amweleze muuguzi kliniki. Mtoto anaweza kuambukizwa anapozaliwa, na hepesi huweza kumuua mtoto mchanga. Hatari huwa kubwa zaidi mama akiambukizwa mara ya kwanza katika miezi 3 ya mwisho ya ujauzito. Uchungu ukianza vidonda vikiwepo, daktari anaweza kushauri upasuaji.

Mwenye dalili afike kituo cha afya kilicho karibu naye mapema. Anayoyasema kwa mhudumu ni siri.